Jina la Chura Liko Kooni

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)



Kiswahili chetu hakina upungufu wa maneno pale wenye lugha wanapokuwa na haja nayo. Mpunga ukiwa shambani ni mpunga, ukikobolewa unakuwa mchele, ukiiva chunguni unakuwa wali. Nazi nayo, tangu ichanue hadi ianguke, ina majina yake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Lakini akitokea yule mnyama mdogo anayeruka na kupiga kelele majini usiku, sote tuna neno moja tu: chura. Awe yule mkubwa mwenye ngozi ya mabaka anayeingia uani baada ya mvua, awe yule mdogo kama ukucha wa kidole gumba aliyeganda kwenye tete, jina lao ni hilo hilo.

Sababu si ngumu kuipata. Wengi wetu chura hatumli, hatumfugi, wala yeye haibi kuku wetu. Lugha huwapa majina mengi wale wanaotulisha au wanaotudhuru, na chura hayumo katika hesabu hiyo. Hivyo tukisema chura tumemaliza.

Kumbe hatujamaliza. Wiki hii nataka nieleze historia ya jambo linaloonekana dogo: jinsi watu walivyojifunza kuwatenganisha vyura wa miti wanaofanana kama mapacha. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni historia yenye mafunzo juu ya macho yetu na masikio yetu. Pili, sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea katika milima yetu wenyewe, Usambara, Uluguru na Ukaguru, na mpaka leo haijakwisha.

Tuanze na mwenyewe. Chura wa miti ni yule ambaye ncha za vidole vyake zimetanuka kama visahani vidogo vinavyonata. Kwa visahani hivyo hupanda jani linaloteleza, bua la tete, hata kioo cha dirisha, asianguke. Hapa Afrika Mashariki wapo wa namna kadhaa, na anayejifunza kazi hii hufundishwa kwanza kumtazama chura machoni. Si utani. Ukimmulika kwa tochi, mboni ya jicho lake itakuambia ukoo wake.

Vyura wa ukoo uitwao kitaalamu Leptopelis wana macho makubwa yenye mboni iliyosimama wima, kama ya paka. Hawa ni wakazi wa miti na vichaka vya misituni. Ukoo wa Hyperolius, yaani vyura wa matete, wana mboni iliyolala. Ndugu zao wa ukoo wa Afrixalus hukaa nao kwenye matete yale yale na huweza kukuchanganya, lakini mboni zao zimesimama, na jike wao hutaga mayai juu ya jani kisha jani hilo likakunjwa na kugandishwa kama bahasha. Wapo pia Chiromantis, wale wanaotengeneza povu jeupe na kulitundika kwenye tawi juu ya dimbwi, mayai yakiwa ndani yake. Vidole vya mikono ya hawa vimegawanyika viwili viwili, vikatazamana kama koleo la kushikia kaa la moto.

Hadi hapo kazi ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la nne ataiweza. Taabu huanza unapotaka kujua huyu ni Leptopelis yupi, au ni Hyperolius yupi. Hapo ndipo wasomi wenye shahada zao walipokwama kwa karibu miaka mia moja.

Chukua mfano wa Amani, katika Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha pale taasisi yao ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902, na vielelezo vya wanyama na mimea vikaanza kusafirishwa kwenda Ulaya. Mwaka 1909 mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, George Albert Boulenger, alimpa jina chura mmoja aliyetoka Amani. Leo tunamwita Leptopelis vermiculatus. Huyu ana mavazi mawili. Wengine ni wa kijani kibichi kilichonyunyiziwa vitone vyeusi, wengine ni wa kahawia wenye alama ya pembetatu mgongoni. Sasa katika misitu hiyo hiyo yupo mwenzake, Leptopelis flavomaculatus, aliyekwisha kupewa jina tangu mwaka 1864. Naye ana vazi la kijani na vazi la kahawia, na katika vazi la kahawia naye huweza kuwa na pembetatu mgongoni. Mwenye macho makali atatazama ubavuni, maana vermiculatus ana marumaru ya weusi na weupe. Lakini anayewatazama kwa juu juu, usiku, mvua ikimwagika, atawaandika jina moja.

Kosa la pili ni la kinyume chake. Katika pwani yetu, kuanzia kusini mwa Somalia hadi Afrika Kusini, yuko chura wa matete aitwaye Hyperolius argus. Dume huwa wa kijani na mistari myembamba ubavuni. Jike ni wa kahawia, na ana madoa makubwa ya rangi ya maziwa yaliyozungushiwa weusi. Asiyejua atawakuta kwenye dimbwi moja, aandike kuwa ameona aina mbili za vyura, kumbe ameona mume na mke.

Zaidi ya hao yupo Hyperolius viridiflavus, ambaye utamkuta katika madimbwi ya nyika sehemu nyingi za Afrika. Mahali pamoja ana madoa, pengine ana mistari, pengine ana michoro kama khanga. Kwa jinsi anavyobadilika kutoka wilaya hadi wilaya, wataalamu walimrundikia majina zaidi ya 50. Hadi leo wanabishana kama huyo ni chura mmoja mwenye nguo nyingi au ni kundi la ndugu walioanza kuachana.

Kwa nini mambo yaliharibika hivyo? Jibu liko kwenye chupa. Katika enzi zile, aliyempa chura jina mara nyingi hakuwa amemwona chura huyo akiwa hai. Alikuwa amekaa Berlin au London, mezani pake pana chupa ya spiriti, na ndani ya spiriti mna maiti. Spiriti haihifadhi kila kitu. Rangi ya manjano iliyo katika ngozi huyeyuka, na chura aliyekuwa wa kijani porini hugeuka kuwa wa buluu au zambarau ndani ya chupa. Mtaalamu anapima urefu, anahesabu utando kati ya vidole, anaandika rangi ambayo chura huyo hakuwa nayo maishani, kisha anatoa jina.

Nisiwaonee wote. Wapo waliokuja wenyewe. Arthur Loveridge, mzaliwa wa Wales, alifika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi katika jumba la makumbusho, akapigana hapa katika Vita Kuu ya Kwanza, akawa afisa wa wanyamapori Tanganyika, kisha mwaka 1924 akahamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kutoka huko alirudi mara kadhaa kupanda milima yetu. Mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour walitoa kitabu kinacholinganisha wanyama watambaao na vyura wa Uluguru na wale wa Usambara, na humo wakawapa majina Leptopelis uluguruensis na Leptopelis parkeri. Wenyeji walibeba mizigo, wakaonyesha njia, wakapanda miti na kuingia vijitoni kukamata wanyama hao. Bila wao chupa zingerudi tupu.

Hata hivyo Loveridge na wenzake walikuwa watu wa macho. Chura anapoita, walimfuata kwa sauti ili wamkamate. Wakishamkamata, sauti haikuwa na kazi tena. Haikuingia chupani.

Mabadiliko makubwa yalitokea mbali na hapa, huko Marekani, na nitawapeleka huko kwa dakika chache kwa sababu ndiko kesi hii ilikoamuliwa waziwazi. Mashariki mwa nchi hiyo kuna chura wa miti wa rangi ya kijivu. Mwaka 1825 John LeConte alimpa jina Hyla versicolor, maana yake anayegeuka rangi, kwani anaweza kutoka kijivu akawa kijani kufuatana na mahali alipokaa. Mwaka 1880 Edward Drinker Cope alimpata wa namna hiyo hiyo Texas, akamwita Hyla chrysoscelis, yaani mwenye miguu ya dhahabu, kwa sababu ya umanjano wa ndani ya mapaja. Lakini kila mmoja wao ana kijivu, kila mmoja ana manjano mapajani. Wataalamu waliwatazama, wakawageuza, wakawapima, wakaona ni yule yule mmoja.

Wenye masikio ndio walioanza kutilia shaka. Mwaka 1936, G. K. Noble na W. G. Hassler waliandika kuwa huko Maryland vyura hao wana milio miwili. Mmoja anaita kwa mtetemo wa polepole na wenye mahadhi, mwingine kwa mtetemo wa haraka na wa kukwaruza. Miaka ya 1950 W. Frank Blair alifuatilia milio hiyo Texas. Kisha C. F. Johnson akafanya jaribio ambalo mfugaji yeyote angelielewa: aliwapandisha wa mlio huu na wa mlio ule. Mwaka 1959 alitangaza kuwa hawapatani. Uzao wao haukusitawi kama uzao wa wenye mlio mmoja. Kwa maneno mengine, vyura wenyewe walikwisha kujitenga zamani. Binadamu ndiye aliyechelewa kupata habari.

Ushahidi wa mwisho ulikuja mwaka 1970. A. O. Wasserman alichunguza chembe za mwili wa vyura hao kwa hadubini, akahesabu kromosomu, vile vijiuzi vinavyobeba urithi. Mwenye miguu ya dhahabu ana 24. Anayegeuka rangi ana 48, mara mbili kamili. Viumbe wawili, ngozi moja, na ndani mwao tofauti kubwa namna hiyo. Jicho lilikuwa limeitazama kwa miaka 145 lisiione, na sikio lilikuwa limeisikia.

Ndugu msikilizaji, sisi watu wa redio jambo hili halitushangazi. Wengi wenu hamjawahi kuniona. Tukipishana sokoni Kariakoo mtanipita kama mnavyompita mtu mwingine yeyote. Lakini nikifungua kinywa na kusema habari za jioni, mtoto aliyeko jikoni atamwambia mama yake ni nani anayezungumza. Sauti ina sura yake. Katika kazi yangu nimekaa miaka mingi na kinasa sauti begani, na ninajua kuwa watu wawili wanaofanana kwa uso huachana mara tu wanapoanza kusema.

Chura anaijua kanuni hiyo kuliko sisi. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo ni ya kweli kwa ng'ombe. Lakini kelele zile hazikukusudiwa ng'ombe. Ni dume anayemwita jike wa aina yake, gizani, katikati ya madume wa aina nyingine kumi wanaoita kwa wakati mmoja. Jike akikosea, amepoteza mayai ya msimu mzima. Kwa hiyo sauti ya kila aina imenolewa kwa vizazi na vizazi isichanganywe na ya jirani. Rangi ya ngozi ina kazi nyingine, ya kujificha wasionekane na ndege na nyoka, na wawili wanaojificha kwenye gome la namna moja wataishia kufanana. Ndiyo maana jicho hudanganyika. Ngozi yenyewe imetengenezwa ili idanganye.

Aliyeileta kanuni hiyo Afrika kwa ukamilifu ni Mdenmark, Arne Schiøtz. Yeye alitembea usiku na tochi mkono mmoja, kinasa sauti mkono mwingine. Alimrekodi chura akiita, akamkamata huyo huyo aliyemrekodi, akampiga picha akiwa hai, ndipo akamhifadhi. Sauti alizozinasa alizigeuza kuwa michoro kwenye karatasi, ili mtu aliyeko Copenhagen na mtu aliyeko Dar es Salaam walinganishe kitu kimoja bila kubishana juu ya nani ana masikio mazuri. Mwaka 1967 alitoa kitabu chake juu ya vyura wa miti wa Afrika Magharibi, mwaka 1975 cha Afrika Mashariki, na mwaka 1999 cha Afrika nzima. Majina mengi yaliyokuwa yamerundikwa yaliunganishwa, na wengine waliokuwa wamefichwa chini ya jina moja wakatenganishwa.

Mtu anaweza kudhani basi kazi imekwisha: nunua kinasa sauti, nenda dimbwini, sikiliza, andika. Sivyo. Sauti nayo ina masharti yake. Mwili wa chura hauna joto la kudumu kama wetu. Hufuata joto la mahali alipo. Usiku wa baridi anaita polepole, usiku wa joto anaita haraka. Wale wawili wa Marekani, wakiwa katika joto moja, mtetemo wa chrysoscelis huenda kasi ya karibu mara mbili ya mwenzake. Lakini versicolor wa usiku wa joto anaweza kukaribiana na chrysoscelis wa usiku wa baridi. Ndiyo maana mtafiti makini hubeba pia kipimajoto, na sauti isiyoandikwa joto lake ni nusu ya ushahidi.

Na jike je, asiye na kipimajoto? H. Carl Gerhardt wa Missouri aliliuliza swali hilo kwa kutumia spika. Aliwachezea majike wa versicolor milio iliyotengenezwa kwa kasi mbalimbali, akaangalia wanarukia spika ipi. Mwaka 1978 alitoa jibu: jike mwenye mwili wa joto hupendelea mlio wa kasi, jike mwenye mwili wa baridi hupendelea mlio wa polepole. Joto linalobadilisha koo la dume hubadilisha pia sikio la jike, kwa hiyo hawapotezani. Binadamu ndiye pekee anayehitaji chombo.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu milima yetu ilikuwa imeficha kitendawili kigumu zaidi. Je, chura asiyeita utamjuaje?

Mwaka 1971, huko mlima Mulanje nchini Malawi, alipewa jina chura mdogo wa matete, Hyperolius spinigularis, yaani mwenye miiba kooni. Dume ana vimiba vidogo sana kwenye ngozi ya koo. Wenzake walionekana Tanzania. Schiøtz alimpa jina Hyperolius minutissimus wa nyanda za juu za kusini mwaka 1975, na Hyperolius tanneri wa msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi, mwaka 1982. Ajabu ya jamaa hii ni kwamba madume hawasikiki wakiita majike kama wafanyavyo vyura wengine. Kooni, mahali ambapo wenzao wameweka sauti, wao wameweka miiba. Wataalamu wanafikiri kuwa jike humtambua dume wa aina yake kwa kumgusa, kama kipofu asomavyo maandishi ya vidole. Hilo bado ni wazo linalochunguzwa, lakini ukimya wenyewe ni dhahiri.

Basi jicho limedanganywa, na sikio halina cha kusikia. Kwa miaka mingi vyura wa miiba waliopatikana milima mbalimbali waliandikwa majina yale yale machache, kana kwamba ni ukoo mmoja ulioenea. Ilibidi kusubiri hadi vipimo vya vinasaba, yaani DNA, vilipokuwa vya kawaida. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha vinasaba, ukubwa wa mwili, umbo la ngozi ya koo na mpangilio wa vimiba, wakatangaza aina tatu mpya kwa mpigo: Hyperolius burgessi wa Usambara Mashariki, Nguru na Uluguru, Hyperolius davenporti wa milima ya Livingstone, na Hyperolius ukwiva wa milima ya Rubeho. Aidha, mwaka 2023 alitangazwa mwingine, Hyperolius ukaguruensis, aliyepatikana milima ya Ukaguru mwaka 2019.

Jinsi huyo wa mwisho alivyopatikana ni somo pekee. Watafiti walikuwa wamepanda Ukaguru kumtafuta chura mwingine adimu kabisa, aliyetangazwa mwaka 2002 na kupewa jina la Kiswahili: Churamiti maridadi. Ndiyo, ndugu zangu, katika orodha ya majina ya Kilatini yupo chura wa miti aitwaye kwa lugha yetu, na sifa ya umaridadi juu. Anapanda miti, ana rangi za kupendeza, na ukimwona utasema ni chura wa miti kama wengine. Kumbe kwa nasaba yeye ni wa jamaa ya wale vyura wa mabaka wanaoingia uani kwako. Wakimtafuta huyo, wakakutana na mdogo mwenye miiba kooni ambaye hakuwa na jina.

Kuna atakayeuliza: haya yote yanamsaidia nini mlaji wa ugali? Swali ni la haki na nitalijibu.

Tazama ramani. Milima yetu ya Tao la Mashariki imejipanga kutoka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, kila mmoja umesimama peke yake juu ya nyika kavu kama kisiwa baharini. Chura anayehitaji ubaridi na unyevu wa msitu hawezi kuvuka nyika kwenda mlima wa jirani. Ukisema vyura wa miiba wa milima yote hii ni aina moja, basi msitu wa mlima mmoja ukifyekwa hakuna hasara kubwa, maana wapo kwingine. Ukisema wa kila mlima wana jina lao, hesabu inageuka. Msitu huo ukiisha, wameisha, na hakuna pa kwenda kuwachukua wengine. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili haimo msituni. Imo katika uhodari wa mtu aliyewatazama vyura wawili na kusema: hawa si wamoja.

Hili si jambo la kufikirika tu. Sote tunamkumbuka chura wa Kihansi. Si wa miti, ni wa jamaa ya mabaka, mdogo wa rangi ya manjano, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto waliokamilika. Aligunduliwa mwaka 1996, na wataalamu, akiwemo Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimtangaza kwa jina lake mwaka 1999. Alikuwa akiishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Mwaka 2000 maji ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, umeme ambao sote tuliuhitaji, na manyunyu yakapungua. Mwaka huo huo vyura 499 walipelekwa Marekani kufugwa. Mwaka 2003 waliobaki bondeni waliporomoka ghafla, ugonjwa wa ukungu wa ngozi nao ukiwa umeingia, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kuwa porini hayupo tena. Mwaka 2010 baadhi ya waliozaliwa ughaibuni walirejeshwa Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 juhudi za kuwarudisha bondeni zimeendelea.

Kuna waliocheka wakati ule: ati chura tu! Lakini fikiri ingekuwaje kama watu wale wasingeweza kumtofautisha na vyura wadogo wengine wa Udzungwa. Pasingekuwa na manyunyu ya kutengenezwa kwa mabomba, pasingekuwa na wa kufugwa, pasingekuwa na wa kurudisha. Angekufa bila jina, na sisi tusingejua kuwa kuna kilichokufa. Alipewa jina karibu sana na saa ya hatari, na jina hilo ndilo lililomwokoa.

Kwa hiyo nina ombi. Leo karibu kila mmoja wetu ana simu mfukoni inayonasa sauti na kupiga picha, chombo ambacho Loveridge angekililia. Ukiwa kijijini kwenu msimu wa mvua, hasa wewe unayetoka Lushoto, Muheza, Morogoro, Kilosa au Njombe, toka usiku usikilize. Mnase chura kwa dakika moja bila kuzungumza juu yake. Mpige picha mgongoni, ubavuni, machoni na vidoleni. Andika mahali, tarehe, saa, alikuwa juu ya nini na kimo gani kutoka ardhini, na kama usiku ulikuwa wa baridi au joto. Kisha mwache pale pale ulipomkuta. Usimhamishie dimbwi jingine, maana ukungu wa ngozi husafiri na miguu na ndoo zetu. Na kama ameganda kwenye tete, koo lake liko kimya, usiseme huyu hana la kusema. Huenda huyo ndiye anayestahili kutazamwa mara mbili.

Waalimu wa sayansi nao wanaweza kuwapa watoto kazi hii badala ya kuwakaririsha mchoro wa kiluwiluwi ubaoni. Mtoto atakayeweza kusema dimbwi la kwao lina milio mitano, na huu ni wa nani na ule ni wa nani, atakuwa amejifunza kitu ambacho jumba la makumbusho la London lilikikosa mwaka 1909.

Na kuhusu lugha, tumeanza vizuri kwa Churamiti. Amebaki yule mwenye miiba kooni wa Ukaguru, na wenzake wa Rubeho, Livingstone na Usambara. Wana majina ya Kilatini. Ya Kiswahili bado tunadaiwa.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo, saa ile ile.